Alirudi darasani kwa ajili ya watoto wa wenzake

Usiku wa kuamkia safari, mama mkwe ndiye aliyemfungia mizigo. Alimkunjia leso mbili, akamtilia chupa ya achari ya embe na kopo la samli, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda akimtazama mkazamwana wake akimvisha kitinda mimba nguo za kulalia.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Hawa nitawaangalia mimi. Lakini siku wakiuliza kwa nini uliwaacha, jibu litatoka kinywani mwako, si kinywani mwangu."

Ilikuwa mwaka 2018. Mama huyo alikuwa na miaka 37, watoto watatu, mume mwalimu wa shule ya msingi na kazi ya kudumu katika hospitali ndogo ya serikali huko bara ya Pwani ya Kenya. Wagonjwa humwita daktari. Kwa cheo ni afisa wa kliniki. Alisoma stashahada ya miaka mitatu, akafanya mwaka wa mazoezi, akapewa leseni. Katika hospitali kama ile, mtoto mgonjwa akiletwa saa nane za usiku, hakuna daktari bingwa wa watoto wa kuitwa. Anayeitwa ni yeye.

Sasa alikuwa akienda Nairobi, Chuo cha Mafunzo ya Udaktari cha Kenya, maarufu KMTC, kusomea stashahada ya juu ya afya ya watoto. Ni masomo ya watu ambao tayari wana leseni na wameshafanya kazi, wanaotaka kubobea katika tawi moja. Wako wanaochagua macho, wengine dawa za usingizi, wengine mifupa. Yeye alichagua watoto. Angekaa huko zaidi ya mwaka mmoja.

Mumewe hakukataa, lakini hakuelewa. Walikuwa wamechukua mkopo wa Sacco na kuuza mbuzi sita. Kitinda mimba alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, ndiyo kwanza ameacha ziwa.

"Una kazi," mumewe alimwambia, "una mshahara, watu wakikupita njiani wanakuamkia daktari. Wataka nini zaidi, mama watoto?"

Alimjibu kwamba wenye stashahada ya juu hupandishwa daraja. Halikuwa jibu la kweli, na alilijua hivyo wakati analitamka.

Jibu la kweli lilikuwa la usiku mmoja wa mwaka 2014. Mama muuza mahamri wa kituo cha matatu aliletwa na bodaboda akiwa amembeba mwanawe wa kiume wa miaka miwili. Mtoto alikuwa na homa kali, viganja vyeupe kama karatasi, mikono na miguu baridi, na pumzi alikuwa akiivuta kwa nguvu kama aliyekimbia. Kipimo kilionyesha malaria. Tabibu alimpa dawa ya malaria kwa sindano, akaagiza damu kutoka hospitali kubwa, na kwa kuwa mikono baridi ilimwambia kwamba mzunguko wa damu umedhoofika, akamwekea dripu na kuifungulia iende kasi. Ndivyo alivyofundishwa. Mtoto mwenye dalili za mshtuko apewe maji upesi.

Kwa muda mfupi mtoto alionekana kupata nafuu. Alifumbua macho, akamtafuta mama yake. Kabla ya alfajiri pumzi ilianza kukwama, na damu ilipofika hapakuwa tena na wa kuongezewa.

Tabibu alikuwa akinunua mahamri kwa mama yule kila asubuhi. Baada ya mazishi alibadilisha njia. Akawa anazunguka nyuma ya kituo, kupitia kwenye karakana ya baiskeli, ili asipite mbele ya karai lile. Alifanya hivyo miaka minne. Hakuna aliyemlaumu, wala mama mwenyewe. Lakini kila alipoikumbuka ile zamu aliona kuna kitu hakukijua, na kitu hicho hakikuacha kumsumbua.

Nairobi ilimpokea kwa baridi na kwa kazi. Asubuhi darasani, mchana wodini, usiku vitabuni, katika chumba alichokodi pamoja na wenzake wawili. Mmoja alitoka Turkana, mwingine Kisii. Wote watatu walikuwa kina mama walioacha watoto nyumbani, na wote watatu walikuwa wameshalala na simu mkononi wakisubiri habari ya homa ya mtoto wao wenyewe.

Mambo mengi waliyofundishwa alikuwa akiyafanya kwa miaka bila kujua sababu yake. Alikuwa akihesabu pumzi za mtoto kwa sekunde 15 na kuzidisha mara nne. Akafundishwa kwamba mtoto hapumui kama saa ya ukutani. Huvuta haraka, hutulia, huvuta tena. Kwa hiyo huhesabiwa dakika nzima, akiwa ametulia, asiwe analia. Wa chini ya miezi miwili akifika pumzi 60 kwa dakika, ni hatari. Wa miezi 2 hadi 11 mpaka wake ni 50. Wa mwaka mmoja hadi mitano ni 40. Hesabu hiyo haihitaji mashine. Inahitaji mtu asiye na haraka, na katika foleni ya wagonjwa mia, mtu asiye na haraka hapatikani kwa urahisi.

Katika wodi ya watoto wachanga aliona njiti waliozaliwa na uzito usiofika kilo moja na nusu wakiwa wamefungwa kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Alidhani ni njia ya mahali palipokosa mashine. Ndivyo ilivyoanza kweli, huko Bogotá nchini Kolombia mwishoni mwa miaka ya 1970, mashine za kuwatia joto watoto zilipokuwa hazitoshi. Lakini leo hutumiwa hata penye mashine, kwa sababu kifua cha mama humpa mtoto joto, maziwa hukaa karibu na maambukizi hupungua. Aliona pia kifaa cha kusaidia kupumua: mrija mwembamba puani mwa mtoto, na ncha nyingine imezamishwa kwenye chupa ya maji inayotoa mapovu. Mapovu yale yanaonyesha kwamba msukumo wa hewa upo, nao ndio unaoyazuia mapafu machanga yasijifunge.

Nyumbani mambo yalikwenda kwa simu. Mkubwa alimsomea alama zake za mtihani. Wa pili alilalamika kwamba baba hajui kusuka nywele. Kitinda mimba, miezi miwili ya kwanza, alilia akisikia sauti yake. Mwezi wa tatu aliacha kulia. Mwezi wa tano alipopewa simu aliisukuma, akamkimbilia bibi yake akimwita "mama". Bibi akamsahihisha haraka, "Mimi bibi, mama ndiye huyu." Lakini tabibu alikuwa ameshasikia. Alikata simu akisema mtandao mbaya.

Halafu likaja somo la maji.

Mwalimu wao, daktari bingwa wa watoto, aliandika ubaoni mwaka 2011. Akawaeleza kuhusu utafiti uitwao FEAST, uliofanywa katika hospitali sita za Afrika Mashariki: nne Uganda, moja Muheza nchini Tanzania na moja Kilifi. Watoto zaidi ya 3,100 wenye homa kali na dalili za mzunguko dhaifu wa damu waligawanywa makundi. Wengine walipewa maji mengi ya dripu kwa haraka, kama ilivyokuwa desturi katika nchi tajiri. Wengine hawakupewa maji hayo ya haraka, ila matibabu mengine yote walipata, pamoja na damu kwa waliohitaji. Kila mtu alitarajia kundi la kwanza lifanye vizuri zaidi.

Ikawa kinyume. Katika saa 48, kati ya kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, walikufa kati ya 10 na 11. Kati ya 100 ambao hawakupewa, walikufa 7. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake. Wengi wa watoto wale walikuwa na malaria, na wengi walikuwa na upungufu mkubwa wa damu.

Tabibu aliacha kuandika. Homa, mikono baridi, viganja vyeupe. Na Kilifi ni kaunti yao ya jirani. Watoto walioifundisha dunia jambo lile walilazwa mwendo wa saa chache tu kutoka wodi yake, na matokeo yalikuwa yameshachapishwa miaka mitatu kabla ya usiku ule.

Baada ya kipindi alimfuata mwalimu akamsimulia. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho.

"Hukuvunja mwongozo," alimwambia. "Mwongozo ndio uliokuwa nyuma. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilitoa mwongozo wake mpya wa dharura za watoto mwaka 2016. Na yule mtoto alihitaji damu, ambayo hukuwa nayo."

"Kwa hiyo si maji yaliyomuua?"

"Sijui. Na wewe hutajua. Utafiti unatuambia watatu zaidi katika mia. Hautuambii ni yupi."

Usiku ule alimpigia mumewe akamwambia anataka kurudi nyumbani. Mara ya kwanza alimweleza habari ya mtoto wa muuza mahamri kikamilifu, na kwa nini alikuwa akizunguka kupitia karakana ya baiskeli. Mume alikaa kimya kwa muda.

"Mimi nimewafundisha watoto miaka mingi kwamba sayari ni tisa," alisema mwishowe. "Mwaka 2006 wataalamu wakasema Pluto haimo, ni nane. Sikuwaita wale wa zamani niwaombe radhi."

"Baba watoto, sayari haiui mtu."

"Ni kweli," akasema. Akanyamaza tena. "Basi maliza. Ukirudi sasa utakuwa umejua nusu, na hiyo nusu ni ya kukuumiza tu. Maliza upate na ile ya kusaidia."

Alimaliza.

Alirudi nyumbani mwaka 2019. Cheti kilikuwa mkononi, lakini hospitali haikujua la kumfanyia. Kwa miezi minne alipangwa chumba cha wagonjwa wazima, akipima presha na kuandika dawa za mgongo. Daraja halikupanda. Barua zake za kuomba zilijibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Mkopo wa Sacco ulikuwa ukikatwa kwenye mshahara ule ule wa zamani, na mumewe, ingawa hakusema neno, alianza kwenda shuleni kwa miguu.

Kitinda mimba naye alikuwa akimwita "shangazi". Kila usiku alilala kwa bibi. Mama mkwe akamshauri asimvute. "Mtoto ni kama kuku mgeni," alisema. "Ukimkimbiza hakai. Mwachie mlango wazi." Ilichukua hadi mwisho wa mwaka kabla hajaja mwenyewe na mto wake mkononi.

Hatimaye muuguzi mkuu ndiye aliyemwombea wodi ya watoto. Jambo la kwanza alilofanya tabibu halikuhitaji fedha. Alimwita askari wa getini, mzee wa makamo asiyejua kusoma vizuri, akamfundisha dalili nne. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya. Mtoto anayetapika kila anachopewa. Mtoto aliyepata degedege katika ugonjwa huu. Mtoto aliyelegea mno au asiyezinduka. "Ukimwona mmoja wao," alimwambia, "asipange foleni. Mlete kwangu mkono kwa mkono, hata kama nina mkuu wa kaunti mezani." Wiki ya kwanza askari alileta watoto watano. Watatu kati yao walikuwa hoi, na wawili kati ya hao watatu mama zao walikuwa wameketi nyuma kabisa ya benchi, wakisubiri zamu yao kwa adabu.

Hapa kuna la kuchukua kwa kila mzazi. Adabu ya foleni ni jambo jema, lakini haimhusu mtoto mwenye dalili hizo nne, wala anayepumua kwa shida. Inuka, piga kelele, pita mbele. Hakuna tabibu wa kweli atakayekasirika.

Siku askari alipomleta muuza mahamri ilikuwa Jumanne. Mama yule alikuwa amembeba binti wa miezi tisa aliyezaliwa baada ya marehemu. Ameharisha siku mbili. Macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ikibanwa inachelewa kurudi, na kijiko cha maji kikiwekwa mdomoni kinamwagikia shavuni. Tabibu alimkagua kama alivyofundishwa. Viganja: vyekundu, damu ipo. Mkanda wa kupima mkono: kijani, si utapiamlo. Homa: hakuna. Kilo: saba. Huyu hakuwa mtoto wa usiku ule wa 2014. Huyu alikuwa amekaukiwa, na dawa yake ilikuwa ni maji yenyewe.

Muuguzi alipoleta chupa ya dripu, mama alimkumbatia mtoto akageukia ukutani.

"Si dripu tena," alisema. "Yule mwingine mlimtilia dripu."

Muuguzi alianza kumtuliza kwa maneno ya kawaida. Tabibu akamwomba atoke kidogo. Akachuchumaa mbele ya mama.

"Mama, ni kweli. Marehemu nilimwekea maji mimi, tena kwa haraka. Nilidhani namsaidia, ndivyo tulivyofundishwa. Baadaye nilipokwenda kusoma nikaelezwa kwamba mtoto mwenye homa na aliyepungukiwa na damu kama yeye, maji ya haraka yanaweza kumdhuru. Sijui kama ndiyo yaliyomwondoa. Malaria ilikuwa imemaliza damu, na damu haikuwahi. Lakini siwezi kukwambia hayakuhusika."

Mama hakugeuka. "Ulijua lini?"

"Nikiwa Nairobi."

"Na miezi yote hii tangu urudi, ulikuwa unapita nyuma ya karakana."

"Ndiyo."

Palikuwa kimya, isipokuwa mtoto aliyekuwa akikoroma kidogo. Kisha mama akauliza, "Na huyu?"

"Huyu ni mwingine. Amepoteza maji kwa kuharisha, damu anayo. Asipopata maji sasa hivi, jua halitui naye."

"Basi mtie," mama alisema. "Lakini wewe usiondoke hapa."

Hakuondoka. Mililita 210 katika saa ya kwanza, kisha 490 katika saa tano zilizofuata, akimwangalia pumzi na mapigo ya moyo kila mara. Saa tatu baadaye mtoto alilia kwa sauti, na ndani ya wodi ile hakuna aliyewahi kufurahia kilio namna hiyo. Alipoweza kumeza, wakaanza kumpa maji ya ORS kijiko kwa kijiko, na jioni akanyonya. Siku ya tatu aliruhusiwa kwenda nyumbani na pakiti za ORS na vidonge vya zinki, kimoja kila siku hadi vitimie kumi, hata kama kuharisha kumekoma.

Mama hakusema amemsamehe, na tabibu hakumuuliza. Alipokuwa akifunga leso mgongoni alisema jambo moja tu: "Bora ungeniambia mapema. Nilikuwa nikijilaumu mimi, kwamba nilichelewa kumleta."

Maneno hayo yalimkaa tabibu kuliko yote aliyoyasikia darasani. Miaka sita kila mmoja alikuwa amebeba mzigo ule peke yake, hatua mia mbili kutoka kwa mwenzake.

Daraja lilipanda baadaye, kwa kuchelewa, na mkopo ukaisha. Muuguzi mmoja kijana wa wodi ile sasa anaomba likizo ya masomo akasomee uuguzi wa watoto, na ana mtoto wa miaka miwili. Alikuja kuomba ushauri. Tabibu alimwambia mambo matatu: weka akiba ya miezi sita kabla hujaondoka, mwambie mumeo sababu ya kweli, si ile ya mshahara, na ujue kwamba huko utakutana na wagonjwa wako wa zamani, hata wale waliokwisha kuzikwa. Kijana akauliza kama inafaa kwenda. Akamjibu, "Nenda. Mimi ningekwenda tena."

Siku hizi asubuhi hupitia kituoni. Hununua mahamri manne, mama humfungia kwenye karatasi, hupokea pesa, hurudisha chenji. Wakati mwingine huzungumza, wakati mwingine hawazungumzi. Binti mdogo huwa amekaa chini kando ya karai, akichezea unga.